Maneno Tusiyoyapigia Mstari

Diwani ikishapita mikononi mwa wanafunzi wanne watano, utakuta penseli imepita chini ya maneno yaleyale: mtima, ndia, mato, Muungu. Pembeni pana maana, moja moja, kwa herufi ndogo. Chukua sasa kitabu cha hadithi fupi kilichosomwa na wanafunzi haohao. Baraza, shamba, ng'ambo: hayana hata mstari mmoja. Toleo hili limetokana na mistari hiyo, iliyochorwa na iliyokosekana, kwa kuwa tunaamini yote imekaa mahali pasipo pake.

Tuanze na mtima. Kamusi inasema ni moyo, mwanafunzi ananakili, basi. Lakini mtu wa Ndalambo aliyewahi kushinda siku moja sokoni Tunduma, mpakani na Zambia, huenda amelisikia neno hilo likiwa hai. Wabemba husema umutima, Wanyanja mtima, na maana yao ni moyo huohuo. Neno tunalolikariri kama kitu cha makumbusho linavuka mpaka kila siku pamoja na magunia ya mahindi.

Muungu nalo lina kisa chake. Katika mashairi ya zamani huhesabiwa mizani tatu, Mu-u-ngu, na wengi wetu tulifundishwa kwamba hiyo ni mazida, yaani mshairi amerefusha neno ili mizani itoshe. Mambo ni kinyume. Katika lugha nyingi za Kibantu, Mungu ni Mulungu. Kiswahili kiliidondosha l, ikabaki Muungu, na baadaye irabu mbili zikawa moja. Mshairi wa kale hakurefusha chochote. Sisi ndio tuliofupisha. Ukilijua hilo, utaelewa pia kwa nini "mtu" ni mizani mbili, jambo linalowasumbua sana wanaoanza kuhesabu. Ile m inasimama peke yake kwa sababu zamani ilikuwa mu. Mtoto aliyezoea kusikia umuntu hana haja ya kukariri kanuni hiyo. Akiulizwa, sikio lake litamjibu.

Na ndia, na mato? Hayo ni njia na macho, kama yanavyotamkwa na watu wa Lamu na Mombasa, ambao pia njaa kwao ni ndaa na njoo ni ndoo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alikuwa mtu wa Pate. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga Mombasa. Kila mmoja alitumia lugha ya nyumbani kwake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na lugha hiyo ndiyo tuliyoikuta shuleni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushairi wetu mkongwe inatujia kwa sauti tusiyoizoea. Kumwambia mwanafunzi kwamba Muyaka "ameboronga lugha" ili apate vina, wakati anasema Kimvita safi cha mtaani kwake, ni kumkosea Muyaka na kumkosea mwanafunzi.

Hatuna ugomvi na istilahi. Ukwapi na utao, mloto na kibwagizo, tarbia na takhmisa ni maneno ya fani, na fundi hujua majina ya vyombo vyake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alijifunza kanuni hizo za pwani hata akahesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa wa nchi hii. Tunachopinga ni mpangilio. Mtu anaweza kumaliza sekondari akitaja sifa zote za utenzi, mishororo minne kila ubeti, mizani nane kila mshororo, kina cha mwisho kikitiririka hadi tamati, bila kuwahi kusikia utenzi mmoja ukisomwa kwa sauti. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa aliyekuwa akimuusia binti yake. Mama yeyote wa hapa kwetu aliyewahi kumfunda binti anayeolewa angeitambua kazi hiyo kabla hajajua kina ni kitu gani. Asomewe kwanza. Kina atakisikia mwenyewe.

Kwenye hadithi fupi hatari imejificha zaidi, kwa sababu lugha inaonekana nyepesi. Tulikuwa na kikundi cha kusoma, tukapata hadithi ya Unguja ambamo wazee wamekaa barazani jioni. Kijana mmoja makini akaeleza vizuri sana kwamba wazee walikuwa kikaoni, na kwamba ukimya wao ni ukimya wa viongozi wanaoogopa kuamua. Hoja yake ilijengeka. Ila baraza lile lilikuwa benchi la mawe mbele ya nyumba, mahali pa kahawa na mazungumzo. Kijana analijua baraza la madiwani na baraza la kata. Angelitilia shaka neno hilo kwa sababu gani? Hakuna aliyemwambia kwamba neno analolijua linaweza kuwa na makazi mengine.

Shamba ni vivyo hivyo. Mhusika wa Unguja akisema fulani "katoka shamba," mara nyingi hazungumzii mahindi wala jembe. Anasema mtu huyo si wa mjini, na pengine ndani yake mna dharau ambayo ndiyo inayoisukuma hadithi nzima. Na mhusika akiishi Ng'ambo, msomaji wa Tunduma atamwona upande wa Nakonde, Zambia, kumbe ni mitaa ya Unguja ambayo zamani ilitenganishwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, mitaa yenye historia yake ya wenye nacho na wasio nacho. Wingi wa maana unapotea hapo, na kamusi haiwezi kumsaidia mtu asiyejua kwamba anahitaji kuifungua.

Kwa hiyo katika kurasa zinazofuata hutakuta orodha ya msamiati mgumu kabla ya shairi lolote. Tumeihamishia mwisho, baada ya maswali, na tunakuomba usiitazame mpaka uwe umesoma shairi mara mbili kwa sauti, mbele ya mtu mwingine ikiwezekana. Kwenye hadithi tumefanya kinyume: kila moja inatanguliwa na maneno matatu manne ya kawaida kabisa, na maelezo ya jinsi yanavyotumika kule hadithi ilikotoka.

Ukurasa wa mwisho tumeugawa safu mbili. Safu ya kushoto ina maneno ishirini kutoka katika tenzi na mashairi ya kale. Ya kulia ni tupu. Wasomaji wa Ndalambo, Kapele, Chitete, Ivuna na Kamsamba, waulizeni bibi na babu zenu, kwa Kinyamwanga, kwa Kiwanda, kwa lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani, kisha mjaze na kuturudishia. Pale ambapo neno la nyumbani halifanani kabisa na la safu ya kushoto, andikeni vilevile.