Acheni Kuwacheka Dada Zenu Waliovua Magwanda



Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya watu wa kwetu, nilisema nakwenda siku tano milimani na wanawake wenzangu waliotoka jeshini. Meza nzima ikaangua kicheko. Kaka mmoja, mtu mzima mwenye watoto, akasema: "Dada umeshakuwa mzungu, unalipa kwenda kulala porini wakati bibi yako alikimbia porini kutafuta umeme!" Nikacheka nao. Leo sicheki.

Kwanza, silipi. Sheria aliyotia saini Rais Obama Mei 2010 iliiagiza Idara ya Maveterani ya Marekani ifanye majaribio ya kuwapeleka wanawake waliotoka vitani kwenye kambi za mapumziko, wapate ushauri nasaha wakiwa peke yao: kurudi kwenye familia, kutafuta kazi, kupanga fedha, kutuliza moyo. Kazi ikapewa vituo viitwavyo Vet Center, vilivyoanza 1979, na faili zake hazichanganywi na za hospitali. Askari aliyezoea kuficha maumivu anajua thamani ya hilo.

Pili, hilo la porini. Mwaka 2011 niliendesha lori Afghanistan. Wakati ule wanawake walikuwa hawaruhusiwi kwenye vikosi vya mapigano ya ardhini. Kuondolewa kwa marufuku kulitangazwa Januari 2013, na nafasi zote zikafunguliwa 2016. Lakini bomu la barabarani halisomi kanuni. Niliporudi nikaanza zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kila nikiona mfuko wa takataka kando ya barabara mikono inatoka jasho. Nikaenda hospitali. Mapokezi wakaniuliza: "Mwenye miadi ni mume wako?" Ukumbi umejaa wanaume, na wengine wetu aliyetuumiza alikuwa mwanaume mwenye gwanda kama letu. Idara yenyewe inasema katika wanawake inaowahudumia, karibu 1 kati ya 3 akiulizwa anasema alinyanyaswa au kushambuliwa kingono akiwa jeshini. Huyo ndiye mnataka afunguke kwenye ukumbi ule?

Kule milimani tunatembea. Mkitembea hamtazamani usoni, maneno yanatoka yenyewe. Usiku mwili umechoka, unalala. Asubuhi mmoja anachemsha kahawa, mwingine anasema jambo ambalo hajamwambia mumewe miaka kumi, na hakuna anayeshtuka. Safari yangu ya kwanza nililala saa sita mfululizo! Kambi peke yake haiponyi, nakubali. Ukirudi huna mshauri wa kuendelea naye, yalikuwa matembezi tu.

Halafu eti ni mambo ya kizungu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nani kwetu asiyejua wanawake walivyojitenga na wanaume, kungwi akasema yale yasiyosemwa sebuleni? Mama aliponisikia napiga kelele usingizini alitaka nisomewe. Nikasomewa, nikashukuru. Mama hakunicheka.

Sasa nije kwenu viongozi wa vyama. Mtu akifa tunachanga maelfu ya dola ndani ya wiki moja kusafirisha maiti, na mimi nachanga. Mwaka jana dada mmoja, naye alivaa gwanda, alipata nafasi ya kambi akaiacha kwa sababu hakuwa na wa kumwachia watoto wake wawili. Aliomba msaada chamani. Akajibiwa chama si yaya. Lakini siku ya Uhuru mlimpanga mstari wa mbele na magwanda yake mkapiga naye picha, mpaka nyumbani waione!

Watoto wawili, siku tano. Kuwapeleka shule na kuwapikia wali jioni, basi. Safari hii amepata nafasi tena. Mimi nitakuwa naye kambini, siwezi kuwachukua. Nani atawachukua? Na wewe kaka wa umeme, nyumba yako ina vyumba vinne, naijua.

Nawasilisha.