MAONI YETU: SABUNI YA MAWESE NA NGOZI ZA WATOTO

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mwezi uliopita watoto wetu wa shule waliwashwa ngozi, wengine wakababuka mikono na shingo. Maneno yakazagaa kwamba ni uchawi. Hapana. Ilikuwa sabuni ya mawese, tena ya ushirika wetu wenyewe. Tulikosea, na tunasema hapa ukutani ili kila mtu asome.

Mawese hayana kosa. Wazee wetu waliyatumia, na mafuta ya mise tunawapaka watoto tangu zamani. Kosa ni kostiki. Bila kostiki mafuta hayawi sabuni, lakini ikizidi inabaki ndani ya mche na kula ngozi. Kilo 1 ya mawese inataka kama gramu 135 za kostiki; mise inataka zaidi. Sisi tulikuwa tunapima kwa kikombe cha chai, tena tunauza siku ya tatu kwa kuwa wateja wanangoja! Sabuni ikishakatwa ikae kivulini wiki 4 ndipo iuzwe. Na iliyozidi kostiki msiitegemee, hata ikingoja.

Wako wanaosema cha mti hakina madhara. Ndugu, utupa si mti? Waulizeni samaki. Mtoto mwenye choa ukimpaka ndimu kisha akaenda juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Utomvu wa njano wa mshubiri unawasha. Mafuta ya mwarobaini akiyanywa mtoto mdogo anatapika, anaweza kupata degedege, hata kufa. Basi msiyaweke katika chupa ya soda.

Kikao kimeamua hivi:
1. Kostiki ipimwe kwa mizani, na iandikwe daftarini.
2. Kila mche uwe na tarehe ya kukatwa.
3. Sabuni ya mwezi uliopita irudishwe. Mtapewa nyingine bila malipo.

Tuliosoma ukubwani tunajua faida ya kuandika. Tusione haya kushika daftari.

Nanyi wazazi, kitu kipya mpakeni mtoto kidogo mkononi, mngoje siku moja. Akiwashwa, mwosheni kwa maji mengi. Akibabuka, mpelekeni zahanati, msimzungushe kwa majirani.

Akina mama wakikosa imani na sabuni yetu, ushirika umekufa. Tujisahihishe.

Katibu