Sheria za wachezaji, karata za kampuni: namna kamati ya Commander ilivyoachia madaraka

Pita kwenye parkingi ya motari hapa Bungulu saa za mchana, wakati wateja ni wachache, utakuta karata zinachezwa juu ya kiti cha pikipiki. Simama kidogo usikilize. Kabla ya kugawa kuna mabishano: leo mbili inamkamatisha mtu karata mbili au hapana? Joka inaingia au inabaki nje? Wakikubaliana, hiyo ndiyo sheria. Kesho, kwenye parkingi nyingine kule Mulekera, itakuwa sheria nyingine, na hakuna atakayeenda kulalamika ofisini, maana ofisi ya sheria hizo haipo.

Huko Marekani kuna mchezo uliozaliwa hivyo hivyo, kati ya marafiki, ukakua hadi kuingiza fedha nyingi. Unaitwa Commander. Mwishoni mwa Septemba 2024, watu waliokuwa wakitunza sheria zake bila mshahara walizikabidhi kwa kampuni inayochapisha karata. Hawakushindwa katika kura. Walitishwa. Sisi ambao likelemba zetu na AVEC zetu zinaendeshwa na watu wa kujitolea tuna sababu ya kuangalia jambo hilo lilikwendaje.

Karata hizo si zile 52 tunazozijua. Zinaitwa Magic: The Gathering, zilitungwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo tangu 1999 ni mali ya Hasbro. Kila karata ina picha na nguvu yake, na kuna maelfu kwa maelfu ya karata tofauti. Mchezaji ananunua pakiti iliyofungwa bila kujua kilichomo, kisha anabadilishana na wenzake au anauza. Ndiyo maana karata moja inaweza kuwa na bei ya soda na nyingine bei ya mbuzi.

Mwaka 1994 kampuni ilitoa karata za majoka watano wazee. Yalikuwa makubwa mno, magumu kuyatumia katika mchezo wa kawaida. Kule Alaska, miaka hiyo ya 1990, kijana Adam Staley na marafiki zake walitafuta namna ya kuyapa kazi. Kila mchezaji achague joka mmoja awe mkuu wake, kisha ajenge jeshi kumzunguka. Sheria zilizokomaa baadaye ni hizi: karata 100, hakuna karata inayorudiwa isipokuwa zile za ardhi za kawaida, kila mtu anaanza na uhai 40 badala ya 20, na mara nyingi wanakaa wanne mezani badala ya wawili. Sheria ya kutorudia karata ndiyo iliyoupa mchezo jina lake la kwanza, Elder Dragon Highlander, kwa kufuata filamu ya Highlander ya mwaka 1986.

Mtu aliyeusambaza alikuwa Sheldon Menery, mwanajeshi na mwamuzi wa mashindano ya Magic. Aliwafundisha waamuzi wenzake, nao wakawa wanaucheza usiku, mashindano ya pesa yakiisha. Waliporudi makwao waliubeba. Hakukuwa na zawadi ya kushindania, watu walicheza kwa ajili ya kukaa pamoja. Kamati ndogo ikaundwa kutunza sheria, na kanuni yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kwamba kila meza ina haki ya kukubaliana vingine. Motari wetu wangeielewa mara moja.

Kampuni iliuona utamu huo. Mwaka 2011 ilitoa vifurushi vitano vilivyokwisha pangwa na kuubatiza mchezo jina la Commander. Sheria zilibaki kwa kamati. Kwa miaka mingi mpango huo ulionekana mzuri kwa wote: wale wanatunga sheria, hawa wanauza. Mwaka 2022 mapato ya Magic yalipita dola bilioni moja, na Commander ilikuwa imeshakuwa namna inayochezwa kuliko nyingine.

Lakini kampuni haikubaki kuuza tu. Ilianza kuchapisha karata kwa ajili ya Commander yenyewe. Jeweled Lotus, iliyotoka 2020, nje ya mchezo huo haina kazi ya maana. Pamoja na nyingine ya zamani, Mana Crypt, inampa mwenye nayo nguvu za bure tangu mwanzo. Ni kama mbio za kutoka Beni hadi Eringeti, halafu mmoja anaanzia Oicha. Na aliyeanzia Oicha ni yule aliyeweza kulipa, maana karata ya namna hiyo ilikuwa inafika dola mia moja au zaidi.

Menery alifariki Septemba 2023, baada ya kuugua saratani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Septemba 2024, kamati ilipiga marufuku karata nne, zikiwemo hizo mbili. Bei zilianguka ndani ya siku chache. Waliokuwa wameziweka kama akiba walijiona wameibiwa, na wanakamati wakaanza kupokea vitisho. Tarehe 30, wiki moja tu baadaye, ilitangazwa kwamba usimamizi unahamia kwa Wizards.

Kwa maoni yangu kamati ilikuwa na haki kuhusu mchezo. Ilichosahau ni kwamba sheria yake ilikuwa imegeuka kuwa bei sokoni, na anayegusa bei bila mshahara, bila ofisi na bila ulinzi anasimama peke yake. Pale likelemba mama anayeshika daftari analindwa na jambo moja: kila mwanachama anamjua na anajua nyumba yake kwa wema. Wachezaji wa Commander ni umati ulioenea duniani, na wengi hawakuwahi kuwaona wale watu.

Kuna tofauti nyingine. Jirani zetu wa Uganda wana mchezo wao wa karata, matatu, nao umeingia hadi kwenye simu. Hata hivyo yeyote mwenye karata 52 za dukani bado anaucheza apendavyo. Karata za Magic zina mwenyewe. Wachezaji walimiliki sheria, kampuni ilimiliki kila kitu kilichowekwa juu ya meza, na siku ya mtikisiko hakukuwa na mwingine wa kupokea mzigo.

Wizards iliunda jopo la ushauri, likiwa na baadhi ya wanakamati wa zamani, na Februari 2025 ikaleta ngazi tano za kupima ukali wa kifurushi kabla watu hawajaketi. Aprili mwaka huo ikafungulia karata tano zilizokuwa zimekatazwa. Zile nne za Septemba hazikuwemo. Uamuzi uliowaletea wanakamati vitisho, kampuni yenyewe iliuacha ulivyokuwa.