Ufa wa Mlimani Si Methali Tu

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuwafafanulia wanafunzi wake methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu sisi huishia kwenye maana yake ya ndani. Hapa Kakamega, maana ya juu nayo yastahili kufundishwa.

Mnamo Agosti 2007, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Khuvasali, eneo la Kabras, ikafukia nyumba pamoja na waliokuwamo. Majirani walikimbilia pale, wengine kuokoa, wengine kutazama. Mteremko ukaporomoka tena, ukawafunika baadhi yao. Waliofariki walizidi kumi. Laiti wale wa mara ya pili wangalijua jambo moja tu, kwamba kilima kilichokatika huwa bado hakijatulia!

Jambo hilo si geni kwa wataalamu wa jiolojia ya uhandisi, taaluma ichunguzayo miamba na udongo ili kujua mahali ambapo binadamu aweza kujenga kwa usalama. Wao hueleza kwamba maji ya mvua yakijaa katika udongo ulio mteremkoni, uzito wake huongezeka huku chembechembe zake zikilegea. Tukikata chini ya kilima ili kupata uwanja wa nyumba, au tukifyeka miti ambayo mizizi yake hushika udongo, tunaongeza hatari. Mtaalamu hupima mwinamo, huchimba kuchunguza udongo na kina cha maji, kisha huchora ramani ya sehemu za hatari na kuonyesha mitaro ipitie wapi.

Lakini ramani hiyo yamfaa nini mkulima asiyeielewa? Ripoti za kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali katika miteremko ya Kabras watu huonyana kwa Kiluhya na Kiswahili. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho papa hapa Kakamega, hufundisha masomo ya kukabiliana na maafa. Kwa maoni yangu, kila utafiti kuhusu kilima fulani ungepaswa kurudishwa kwa wakazi wake katika lugha yao. Na mtaalamu naye awasikize wazee, kwani wao ndio wajuao chemchemi ilikokuwa kabla ya kuhama.

Wapo watakaosema kwamba maskini hana shamba jingine la kuhamia. Ni kweli, na serikali haiwezi kukwepa wajibu huo. Hata hivyo, kulala kwa jamaa usiku wa mvua kubwa hakuhitaji hati ya shamba.

Basi walimu, iandikeni orodha hii ubaoni kabla ya masika: nyufa mpya ardhini, miti na nguzo zinazoinama, milango inayokwama ghafla, chemchemi inayozuka au kugeuka tope. Nanyi wanafunzi, ipelekeni nyumbani. Dalili hizo zikionekana, watu waondoke na chifu aarifiwe. Ardhi ikishaporomoka, asikaribie mtu kabla mteremko haujakaguliwa.