Gari la umeme lishindanishwe na IST, si na shangingi!

Ukitaka kumjua tapeli usisikilize anasifu nini. Mtazame analinganisha na nini.

Siku hizi wapo wajanja wanaopita vijiweni, kuanzia Mwenge hadi Buguruni, wakimwambia kijana aachane na petroli anunue gari la umeme. Wapo na wengine wanaoapa kwamba gari la umeme ni mdoli wa matajiri, halimfai mlalahoi. Makundi yote mawili yana hesabu mkononi. Na hesabu zote mbili zinaweza kuwa sahihi, lakini kijana bado akauziwa mbuzi kwenye gunia. Vipi? Kwa kuchaguliwa mpinzani!

Tupige hesabu wenyewe. Chukua Nissan Leaf la kizazi cha kwanza, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ambalo leo ni mtumba. Kwa vipimo vya Marekani, gari hilo lilipokuwa jipya lilikula uniti 21 hivi za umeme kwa kilomita 100. Uniti moja ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida, pamoja na kodi na tozo, tuiweke shilingi 356. Hiyo ni kama shilingi 7,500 kwa kilomita 100. (Wewe unayejivunia uniti za bei nafuu zisizozidi 75 kwa mwezi, sahau. Gari litazimaliza kabla ya siku 4.)

Sasa petroli. Kwa wepesi wa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000.

Mleta gari la umeme atakuletea shangingi. Shangingi la V8 kwenye foleni, tulipe kilomita 6 kwa lita. Kilomita 100 ni shilingi 50,000. Umeokoa 42,500! Kijana macho yanamtoka.

Mlete IST, gari la kijana mwenzetu anayebeba abiria wa mtandaoni na kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Tulipe kilomita 12 kwa lita. Kilomita 100 ni shilingi 25,000. Umeokoa 17,500. Si haba, lakini si zile 42,500.

Haya, mlete Toyota Aqua, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Tulipe kilomita 20 kwa lita. Kilomita 100 ni shilingi 15,000. Umeokoa 7,500 tu.

Mnaona mchezo? Gari la umeme ni lile lile, umeme ni ule ule, barabara ni ile ile. Faida imeporomoka kutoka 42,500 hadi 7,500 kwa sababu moja tu: tumebadilisha mpinzani. Tuseme umelazimika kuongeza milioni 8 ili upate la umeme. Ukienda kilomita 100 kwa siku, dhidi ya IST fedha yako inarudi baada ya siku 457. Dhidi ya Aqua ni siku 1,067! Aliyekopa kwa riba anajua tofauti ya siku hizo ni kitu gani.

Na huo ni mchezo wa kwanza tu. Wa pili ni wa umbali. Leaf lile lile la mwanzo lilipopimwa Japani lilipewa kilomita 200 kwa chaji moja. Ulaya wakalipa 175. Marekani wakalipa 117. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Muuzaji atakutajia kipi? Unadhani atakutajia 117? Na hizo ni za gari jipya. Betri ya Leaf lile haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba joto linaila betri. Dar es Salaam nako si kwenye barafu. Betri ikipoteza robo ya nguvu zake, zile 117 zinabaki 88. Abiria akikuita wa Morogoro utamwambiaje?

Mchezo wa tatu ni wa wale wanaoponda. Wao huchukua gari la umeme jipya kutoka kiwandani, wakaliweka mbele ya IST iliyotumika zaidi ya miaka 15, wakasema: "Mnaona bei?" Huo nao ni usanii. Jipya lishindane na jipya, mtumba na mtumba. Tena hawa hawataji kwamba gari la umeme halina oili ya injini, halina plagi, halina fani belti. Fundi wa gereji anajua mwenye IST anaacha kiasi gani pale kila servisi.

Hoja yangu ni moja. Mpinzani wa haki wa gari la umeme ni lile gari ambalo wewe ungelinunua kwa fedha hiyo hiyo, kwa kazi hiyo hiyo, kama la umeme lisingekuwapo. Basi. Kama ungenunua IST, pima na IST. Kama ungenunua Aqua, pima na Aqua. Na upime maisha yako yote, si mafuta tu: unachaji wapi? Kijana aliyepanga chumba kimoja, LUKU moja wapangaji sita, akivuta waya dirishani kuchaji gari usiku kucha, mwenye nyumba atamwacha? Na umeme ukikatika, kama ulivyokatika kwa mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, hesabu ya tajiri nayo itakatika?

Sasa niseme na wakubwa. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na limejengwa kwa fedha za walipa kodi. Vizuri. Lakini kama gari la umeme linashinda kwa mbali pale lilipo shangingi, mbona mahubiri yanaanzia kijiweni? Dodoma, kati ya mjini na Mtumba, ni lami. Hakuna tope wala mlima wa kutaka V8. Hapo shangingi ni mpinzani wa haki kabisa, kwa sababu ndilo linalofanya kazi hiyo kila siku, kwa mafuta yetu. Basi zile 42,500 ziokolewe huko kwanza! Vigogo wachaji, sisi tutaona, tutajifunza.

Lakini sishangai. Hii ni nchi iliyozoea kuchaguliana wapinzani. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Ushindi gani huo? Ni ule ule wa gari la umeme kumshinda mlevi wa mafuta aliyeletwa uwanjani makusudi ili ashindwe.

Kijana, atakayekuja na karatasi ya hesabu mpokee kwa heshima, mpe na kiti. Kisha muulize swali moja tu kabla hujatoa senti: "Huyu uliyempambanisha naye, nani kamchagua?"