Aliyenusurika hana deni la mtu

Ukitaka kuona tunavyoweza kumlemea mtu kwa maneno mazuri, kaa wodini saa ya kuona wagonjwa, karibu na kitanda cha aliyetoka kwenye ajali mbaya. Shangazi ataingia na chupa ya uji, ataitazama bandeji, na kabla hajaketi atasema: "Mungu hakukuacha bure, mwanangu." Nyuma yake mzee wa kanisa: "Ana makusudi nawe." Rafiki wa kijiweni naye hakosi la kwake: "Sasa ubadilike, kaka. Umeongezewa siku." Mgonjwa, ambaye tangu asubuhi anasubiri mtu wa kumgeuza upande wa pili, anaitikia "Amina."

Imani yenyewe ni hii: kifo kikikukaribia kisha kikakuacha, kimekuacha kwa sababu, na wewe utoke hapo ukiwa mtu mwingine, mwenye hekima, subira na shukrani. Usipobadilika, umeichezea bahati. Inahubiriwa, inatangazwa redioni, inauzwa kwenye semina za kujitambua. Mimi nasema si kweli. Tena ubaya wake hauishii kwenye uongo: inamgeuza majeruhi kuwa mdaiwa, na wadaiwa halisi inawaacha waende zao.

Tuanze na hayo makusudi. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza, imejaza watu kupita uwezo wake. Meli ilipokuwa imelala kifudifudi, ndani yake walikuwamo watu hai waliokimbilia penye hewa, wakigonga vyuma wasikike. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawafikie. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, meli ikazama nao. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko cha abiria 101 kikaua watu zaidi ya 220. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mmoja wa kivuko akiwa hai, amejibana mahali palipobaki hewa. Watu wakasema ni muujiza, huyu Mungu ana kazi naye.

Sawa. Basi wale waliogonga vyuma mwaka 1996 hawakuwa na kazi? Ziwa ni lile lile, na dua, bila shaka, zilikuwa zile zile. Waliokuwa ndani ya MV Bukoba walitafutwa kwa kutoboa chuma; aliyekuwa ndani ya MV Nyerere alifikiwa na mzamiaji. Tofauti hiyo ni ya ujuzi na vifaa, vitu vinavyonunuliwa na kufundishwa. Ukisema fulani amebakizwa kwa sababu ana umuhimu, umeshasema na la pili hata kama hukulitamka: waliokufa hawakuwa na umuhimu huo. Mjane wa Ukara analisikia hilo la pili vizuri sana. Hakuna anayethubutu kumwambia usoni kwamba mumewe hakuwa na kazi yoyote duniani. Tunamwambia kwa kuzunguka, kila tunapomshangilia aliyepona.

Simkatazi mtu kumshukuru Mola wake. Aliyetoka majini akasujudu ana haki ya kusujudu, na hiyo ni baina yake na Mungu wake. Ninaowakatalia ni sisi wa pembeni, tunaojipa kazi ya kumsomea barua ambayo hatukuandikiwa sisi.

Njoo sasa kwenye huyo mtu mpya. Tarehe 22 Desemba 1849, mwandishi Fyodor Dostoevsky alipelekwa na wenzake kwenye uwanja mmoja wa St. Petersburg wakapigwe risasi. Watatu wa kwanza walikuwa wameshafungwa kwenye nguzo, naye yumo katika kundi linalofuata, ndipo ikatangazwa kwamba mfalme amewasamehe. Kwa kipimo cha imani yetu, huyo angeishi maisha yake yote bila kupoteza hata dakika. Alikwenda kifungoni Siberia, akarudi, akaandika vitabu vikubwa. Na katikati ya vitabu hivyo akawa mtumwa wa kamari, akiacha fedha za nyumba kwenye meza za mchezo huko Ujerumani, miaka na miaka. Yeye mwenyewe alilijua jambo hili kuliko wahubiri wetu. Katika riwaya yake moja, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1868, mhusika anasimulia habari za mtu aliyesamehewa dakika za mwisho, aliyekuwa ameapa kwamba akiachwa hai ataihesabu kila dakika. Anaulizwa: je, aliishi hivyo? Jibu ni hapana. Alipoteza dakika nyingi mno.

Kwa mfano wa karibu zaidi, mtazame Tundu Lissu. Tarehe 7 Septemba 2017 alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, akatibiwa Nairobi kisha Ubelgiji, akarejea Tanzania Julai 2020 kugombea urais. Umpende au usimpende, jambo moja huwezi kulikana: alirudi akiwa Lissu yule yule, na ulimi wake ule ule, na hoja zile zile za kabla ya risasi. Kifo kilimpiga mwili. Msimamo wake kilimwachia.

Wapo wanaobadilika, na haki itendeke kwao. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama, wakazinduliwa. Kati yao, 62 walisema walikumbuka kitu cha wakati ule: mwanga, amani, ndugu waliotangulia. Walipofuatiliwa miaka iliyofuata, hao walionekana kutokiogopa kifo kama zamani. Sina sababu ya kuwabishia. Lakini wagonjwa 282 hawakukumbuka chochote. Walizimika, wakazinduliwa, wakaulizia wake zao na waume zao. Hao ndio wengi, na hao ndio wasioalikwa jukwaani, kwa kuwa hawana hadithi ya kumfanya mtu alie.

Wahenga walilitazama jambo hili bila kulipamba. Aliyeumwa na nyoka, walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema ameerevuka, wala hawakusema ana ujumbe kwa kijiji. Walisema anashtuka kwa ukindu tu, na walisema hivyo kwa sababu walikuwa wakiishi naye nyumba moja.

Kinachobadilika hasa, na kwa wengi, hakisimuliki kwenye mahafali. Mchukue kijana wa bodaboda aliyegongwa na gari usiku, akapona. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Bado anadaiwa hesabu na bosi, na chombo chenyewe kimelala kituo cha polisi. Ndugu wamehangaikia PF3, ile fomu ya polisi, kisha wamehangaikia damu. Vyuma vimetokeza nje ya mguu, na kila kidonda kinaposafishwa kuna vifaa vya kununua. Bili ikizidi, mama yake anapanga foleni ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha. Akirudi nyumbani halali. Akisikia honi anatokwa jasho. Anamfokea mke, anamfokea mtoto, halafu anaona aibu. Ukimuuliza amejifunza nini, atakutazama. Alichojifunza ni bei ya chuma cha mguuni.

Hapo ndipo imani yetu inapokuwa ukatili. Kijana huyu ana maumivu, ana madeni, ana hofu asiyoweza kuitaja mbele ya wanaume wenzake, na juu ya hayo yote tumemwongezea mtihani: awe na furaha ya kuwa hai. Akisema amechoka, hana shukrani. Akirudi kwenye bia, kamchezea Mungu. Akisema wazi kwamba siku nyingine anatamani angekufa pale pale barabarani, tunamziba mdomo kwa "usikufuru", na hivyo tunalinyamazisha neno lile lile ambalo mhudumu wa afya ya akili angelihitaji ili amsaidie. Kiwewe ni ugonjwa unaotibika. Hautibiki kwa mtu anayelazimishwa kusema amebarikiwa.

Wanaopenda ushuhuda na wausome ule wa Lazaro. Injili ya Yohana inasema alikaa kaburini siku nne, akaitwa, akatoka. Nani zaidi yake angekuwa na la kusimulia? Lakini andiko halina neno hata moja kutoka kinywani mwake. Tunachoambiwa ni kwamba alipotoka kaburini Yesu aliagiza wamfungue sanda wamwache aende zake. Baadaye tunamkuta ameketi chakulani pamoja na wengine. Agizo lililotolewa kwa watu waliosimama pale lilikuwa la kazi ya mikono: mfungueni. Hawakuambiwa wamhoji.

Sasa uliza nani ananufaika na hadithi ya mtu mpya. Aliyenusurika hanufaiki. Ananufaika mwenye basi lililokatika breki, kwa kuwa aliyepona akishaitwa shahidi wa muujiza, si rahisi tena kuitwa shahidi wa mahakamani. Ananufaika aliyesimama gatini akaona watu wanazidi idadi, akanyamaza. Ananufaika mkandarasi wa ghorofa lililoporomoka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua Bukoba, wavuvi walifika na mitumbwi yao kuokoa watu. Walikufa 19, wakapona 24. Mitumbwi ile ilistahili sifa zote ilizopata. Lakini uwanja wa ndege ulio ukingoni mwa ziwa, wenye kutegemea wavuvi waliokuwa kwenye shughuli zao, ni swali zito. Na swali hilo haliulizwi kwa sauti pale kila mtu anapokuwa anatafuta maana ya kupona kwa fulani. Muujiza hauna mkaguzi, wala haufunguliwi kesi.

Najua nitaambiwa: unamnyang'anya majeruhi tumaini. Hapana. Tumaini lake ni lake, na akiliona kusudi katika kupona kwake, na alishike; pengine ndilo litakalomnyanyua kitandani. Ninachokataa ni sisi kumwandikia kusudi hilo, kisha kumdai alitimize. Mtu mwenye mbavu zilizovunjika hawezi kupewa kazi ya kutufariji sisi tulioogopeshwa na ajali yake. Maana tukisema ukweli, ndicho tunachokitafuta pale kitandani: tunataka kusikia kwamba dunia ina mpango, ili tupande basi kesho tukiwa na amani.

Kama ni madeni, tuyataje basi. Mwenye gari na kampuni ya bima wanadaiwa fidia. Mamlaka inadaiwa ripoti ya ajali iliyosomwa hadharani, na majina ya waliosaini kwamba chombo kiko salama. Hospitali inadaiwa mtu wa kuzungumza na mgonjwa kuhusu usingizi wake kama inavyozungumza naye kuhusu mguu wake. Sisi ndugu na jirani tunadaiwa nauli ya kliniki, zamu za kulala naye wodini, na masikio yasiyokuwa na mahubiri. Aliyenusurika yeye haruhusiwi tu kubadilika. Anaruhusiwa pia kubaki mtu yule yule, mbishi, mpenda mpira, mchelewaji wa vikao. Hakugongwa ili apate kutufundisha. Wenye deni wapo wengine, na ofisi zao zinajulikana zilipo.