Msimlaumu mnunuzi wa gari la mnada peke yake



Kila akilizwa mtu kwa gari la mnada wa Japani, wakubwa hutoa jibu lilelile: alitamani cha bei chee. Jibu hili linaudhi, maana utapeli wenyewe umejengwa juu ya mambo ambayo mnunuzi wa Mbagala au Sengerema hana namna ya kuyaona. Minada ile ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa, hivyo raia wa huku lazima apitie kwa mtu wa kati. Karatasi ya mnada, yenye gredi ya gari, kilomita zake na kasoro za bodi, imeandikwa Kijapani. Herufi R mahali pa gredi maana yake gari liliwahi kuumia likatengenezwa. Anayeletewa tafsiri tupu bila karatasi halisi hataiona R hiyo. Na fedha ndizo hutangulia. Dola zikishafika upande wa pili, ndipo inajulikana kwamba namba ya chesisi aliyopewa ni ya gari lililouzwa zamani.

Wapo watakaosema dalili ziko wazi: akaunti ya jina la mtu binafsi badala ya kampuni, benki iliyo nchi nyingine wakati muuzaji anadai yuko Yokohama, barua pepe ya ghafla kwamba akaunti imebadilika. Ni kweli, na anayeona hata moja asilipe. Lakini dalili mbili za kwanza zinapita mezani kwa karani wa benki kabla fedha hazijatoka, proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, ikiwa mkononi mwake. Kwa nini kazi ya kulinganisha majina aachiwe mwalimu anayeagiza gari mara moja maishani, huku benki inayotuma fedha nje kila siku ikikata ada yake na kunyamaza? Na asiniambie mtu kwamba ukaguzi utachelewesha biashara. Gari linakaa baharini wiki kadhaa. Siku moja ya kuthibitisha akaunti haimuumizi muuzaji wa kweli. Japani kwenyewe chama cha wanaouza nje magari yaliyotumika, JUMVEA, kina utaratibu wa kushikilia fedha za mnunuzi kwanza, kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Serikali nayo inamjua sana mwagizaji inapofika zamu ya ushuru. Kikokotoo cha kodi ya magari kipo mtandaoni, unaweka aina na mwaka, unajua utakachodaiwa hadi shilingi ya mwisho. Kumlinda huyohuyo mlipakodi kabla hajaibiwa hakuna aliyekufikiria. Pengine ni kwa sababu wanasiasa wetu hupanda magari yanayonunuliwa kwa kodi zetu, wala hawajui uchungu wa akiba ya miaka 6 kupotea kwa siku moja.

Naziomba benki zianze na hili moja: isitoke hata dola moja ya gari kabla jina la akaunti halijalingana na jina la kampuni iliyo kwenye proforma.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam